Breki zilifeli, shetani alinipitia: lawama inaanzia wapi?

Kwenye mabaraza ya kata, kwa mtendaji wa kijiji na hata mbele ya hakimu, utetezi wa watu wengi unafanana. Shetani alinipitia. Nilikuwa nimelewa, sikumbuki kitu. Hasira zilinipanda. Breki zilifeli. Ukoo uliamua, mimi nilikuwa natekeleza tu. Maneno ni tofauti, madai ni yaleyale: mkono ni wangu, ila aliyeuongoza si mimi. Na anayesikiliza hawezi kuyatupa yote, maana mara nyingine ni ya kweli kabisa. Mama aliyeanguka kifafa akiwa ameshika sufuria ya uji, uji ukamwunguza mtoto, hakuna mwenye akili timamu atakayemlaumu.

Ugumu ni kumtenganisha mama huyo na yule anayejificha nyuma ya shetani. Kanuni ambayo wengi wetu tunaitumia bila kuifikiria inasema mtu alaumiwe kwa lililokuwa ndani ya uwezo wake, na lililokuwa nje ya uwezo wake asamehewe. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliiandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akataja milango miwili ya kutokea kwenye lawama: kulazimishwa na kutojua. Upepo ukikubeba, au watu wakikukamata na kukupeleka wanakotaka, tendo si lako. Lakini yeye mwenyewe aliona palepale kwamba milango hiyo haifungi vizuri. Alitoa mfano wa nahodha anayetupa mizigo baharini wakati wa dhoruba ili kuokoa watu. Amelazimika au amechagua? Jibu lake ni kwamba tendo hilo ni mchanganyiko, ila linaelemea upande wa kuchagua, kwa sababu mkono uliosukuma mzigo ulikuwa unamtii mwenye mkono.

Huku nyanda za juu kusini bahari hatuna. Miteremko tunayo.

Mteremkoni

Chukua mteremko wa Iwambi, unaoshuka kutoka Mbeya mjini kuelekea Mbalizi, au Kitonga kule Iringa, kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni. Lori la mzigo wa Zambia au Kongo linashuka pale likiwa na uzito wa makumi ya tani. Dereva akikanyaga breki mfululizo zinachemka mpaka zinaacha kushika. Na kwa kuwa ni breki za upepo, kila anapokanyaga upepo unapungua kwenye mitungi. Asipoupa muda wa kujaa, atafika mahali anakanyaga na pedeli haina jibu. Ndiyo maana madereva wazoefu wanaingiza gia ndogo tangu juu kabisa, injini ndiyo ishike gari, breki iguswe mara mojamoja. Na ndiyo maana wale wanaoweka gia huru ili kuokoa dizeli wanalaaniwa na kila anayeuza ndizi kando ya barabara ile.

Sasa tuseme breki zimegoma katikati ya mteremko. Mbele kuna Hiace imejaa abiria. Dereva anapiga honi, anawasha taa, anajaribu kurudisha gia na gia inakataa kuingia. Ukimuuliza baadaye atakwambia hakuwa na la kufanya, na atakuwa amesema kweli. Wakati ule hakuna binadamu ambaye angelisimamisha lile lori.

Kosa letu ni kumuuliza kuhusu wakati ule. Uwezo wa mtu juu ya tendo lake haukai kwenye sekunde ya mwisho. Umetawanyika nyuma, na anayetaka kulaumu kwa haki ana kazi ya kurudi kuutafuta. Juu ya mteremko gia ilikuwa mkononi mwa dereva. Saa chache kabla, pale Makambako, alisikia upepo unavuja. Lakini ukirudi huko unakutana na wengine. Alimpigia simu tajiri mwenye gari, tajiri akamjibu, "Wewe sogea kwanza, mzigo ukishashuka Tunduma utatengeneza." Kabla ya hapo kuna fundi aliyefungua tairi akalifunga tena bila kugusa kilicholeta gari gereji, akachukua hela yake. Utingo naye alisikia upepo unavuja. Kila mmoja alikuwa na kipande cha uwezo, na vipande hivyo havilingani.

Mtego wa kurudi nyuma ni kwamba unaweza usisimame. Nani alimfundisha huyu dereva? Nani alichora barabara ipite hapa? Ukiendelea hivyo utafika kwa Adamu, na hakuna atakayebaki na kosa. Lazima pawe na mahali pa kusimama, na mimi nasimama pale ambapo mtu alijua, au alitakiwa ajue, kinachoweza kutokea, na bado alikuwa na njia nyingine isiyomgharimu kupita kiasi. Dereva anayeogopa kufukuzwa kazi alikuwa na njia nyingine, ila ya gharama kubwa. Lawama yake inapungua, haiishi. Tajiri aliyekuwa amekaa na simu mkononi ndiye aliyekuwa na njia rahisi kuliko wote. Ni nadra kumwona kizimbani.

Mtogwa na mkangafu

Kipimo hichohicho kinasaidia kwenye ulevi, na ulanzi wa Iringa na Njombe ni mfano mzuri kwa sababu unabadilika wenyewe. Ukigemwa tu kwenye mianzi unakuwa mtogwa, mtamu, usio na makali. Ukikaa unachacha na kuwa mkangafu, na mkangafu unamlaza chini mwanaume mzima. Mwenyeji aliyeanza mkangafu saa nne asubuhi kisha jioni akampiga mkewe hawezi kusema ulanzi ndio uliopiga. Inawezekana kabisa kwamba jioni hakujitawala. Asubuhi alijitawala, na anaujua ulanzi kuliko anavyolijua shamba lake. Mgeni aliyeshuka kwenye basi kutoka Dar es Salaam, akapewa kikombe na kuambiwa ni mtogwa, huyo habari yake ni nyingine.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inafuata mkondo huo. Kwa kawaida ulevi si utetezi, isipokuwa mtu aliponyweshwa bila ridhaa yake, kwa hila au uzembe wa mwingine, mpaka asijue anachofanya, au ulevi ulipomfikisha kwenye uwendawazimu wakati wa tendo. Hata hivyo mahakama inauangalia inapopima nia, pale ambapo nia ni sehemu ya kosa. Pittacus, aliyetawala mji wa Mytilene katika Ugiriki ya kale, alikwenda mbali zaidi: mlevi akikosa, adhabu yake iwe kubwa kuliko ya asiyelewa. Nadhani huku kwetu wake wengi wangempigia kura.

Hasira nazo sheria inazitazama kwa saa. Aliyeua kwa kuchokozwa ghafla, kabla damu haijapoa, kosa lake linaweza kushuka kutoka mauaji ya kukusudia hadi kuua bila kukusudia, na kipimo ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Lakini aliyetukanwa kilabuni, akatembea mpaka nyumbani, akatoa panga darini, akarudi nalo, njia nzima ile ilikuwa nafasi yake ya kuacha. Hawezi kuja kusema hasira zilimzidi.

"Shemeji, sina jinsi"

Mume amefariki, mjane amebaki na shamba la viazi, tuseme huko Makete. Kikao cha ukoo kinaamua shamba lirudi kwa mdogo wa marehemu, na wazee wameshakubaliana kwamba akisita watamlazimisha. Hasiti. Mjane akimfuata anajibiwa, "Shemeji, sina jinsi, wazee ndio wameamua." Kumbe shamba lile amelitamani tangu kaka yake yuko hai, na hata kikao kisingekaa angelichukua vilevile.

Je, kukosa jinsi kunamwokoa? Harry Frankfurt, mwanafalsafa wa Marekani, alilishughulikia swali la namna hii katika makala aliyoichapisha mwaka 1969. Mfano wake haukuwa wa viazi. Ulikuwa wa mtu aliyejiandaa kumlazimisha mwenzake atende jambo, halafu asihitaji kufanya chochote, kwa kuwa mwenzake aliamua kulitenda mwenyewe. Hapo mtendaji hakuwa na njia ya kukwepa, na bado tendo ni lake. Kisa cha shamba ni hichohicho. Shinikizo la wazee lilikuwepo, ila lilikaa pembeni bila kazi. La kuuliza ni kama kukosa njia nyingine ndiko kulikomfanya atende alivyotenda.

Dalili zenyewe hazijifichi. Aliyelazimishwa kweli hutafuta namna ya kurudisha: anamwachia shemeji matuta ya upande wa juu, anampelekea gunia wakati wa mavuno, anakwenda kwa mtendaji kimyakimya kuuliza kama kikao kile kilikuwa halali. Yule mwingine analima mpaka mlangoni kwa mjane.

Madereva wawili, usiku mmoja

Narudi barabarani, kwa sababu kuna jambo ambalo kanuni yetu ya uwezo inashindwa kulimeza. Madereva wawili wameweka gia huru pale Iwambi usiku uleule. Wa kwanza anafika Mbalizi, anakula chipsi, anaendelea na safari. Wa pili anakuta bodaboda imekatiza, watu wawili wanakufa. Walichokifanya kwa mikono yao ni kitu kimoja. Tofauti ni bodaboda, na bodaboda haikupangwa na yeyote kati yao. Lakini wa kwanza hata akikamatwa atamalizana na faini, na wa pili anakwenda jela na kuitwa muuaji mpaka kijijini kwao.

Wanafalsafa Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani walilileta tatizo hili mezani mwaka 1976, na tangu hapo linajulikana kama bahati ya kimaadili. Nagel alionyesha kwamba bahati haiishii kwenye matokeo. Ofisa wa kambi ya mateso ya Wanazi huenda angeishi maisha yake yote bila kumdhuru mtu kama Wanazi wasingeshika madaraka Ujerumani. Hata tabia yenyewe, upole au ukali, kwa sehemu kubwa mtu ameikuta. Ukiondoa kila kilicholetwa na bahati, unabaki na nini cha kulaumu? Karibu hakuna.

Wapo wanaosema basi tuwatendee madereva hao sawasawa. Wapo wanaosema tukubali tu kwamba dunia ndivyo ilivyo. Mimi naona fundo linalegea tukitenganisha maswali matatu ambayo msibani huulizwa kwa pumzi moja: nani alaumiwe, nani alipe, nani abebe.

Lawama inafuata walichojua na walichochagua, na kwa hilo madereva wetu wako sawa. Wa kwanza anastahili hasira zetu kama wa pili. Amenusurika tu kuzipata, kwa kuwa hakuna aliyemwona.

Malipo yana njia yake. Mtoto wa miaka minane kule Mbarali akipitiwa na usingizi, ng'ombe wakaingia kwenye mpunga wa watu, hakuna anayemwita mhalifu. Sheria yenyewe inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai kwa tendo lolote, na wa chini ya miaka 12 hana mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kulitenda. Lakini mpunga umeliwa na mwenye jaruba anadai. Baba mwenye ng'ombe analipa, na kulipa kwake si kukiri kwamba yeye au mwanawe ni mwovu. Tunapogombana juu ya nani mbaya wakati swali ni nani agharamie, kesi ndogo ya jaruba inageuka uhasama wa wafugaji na wakulima.

La tatu ndilo wengi hulisahau, na hapo Williams alisema jambo la maana. Alimfikiria dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lolote lake: mwendo wa kawaida, breki nzima, mtoto amechomoka ghafla. Kila mtu atamwambia asijilaumu. Lakini kama angepokea faraja hiyo mara moja, akaendelea kupiga stori, tungemtilia shaka. Anachobeba si hatia, na si huzuni ya mpita njia pia.

Huku kwetu jambo hilo lina utaratibu wake. Dereva wa namna hiyo siku ya kwanza anakaa polisi, kwa usalama wake. Wanatangulia wazee wa upande wake pamoja na mwenyekiti wa mtaa, na unga, maharage, sukari na bahasha ya rambirambi, wanakaa chini na wafiwa. Mambo yakipoa anapelekwa yeye mwenyewe. Hakuna anayemdai aseme nimekosa. Anasema, "Poleni baba, poleni mama," halafu anakaa pale kama mfiwa. Akikataa kwenda kwa hoja kwamba trafiki walishapima na kuchora wakakuta hana kosa, atakuwa sahihi kwa kila kipimo cha kisheria, na watu watajiuliza amelelewa na nani.

Kwa hiyo dereva wa pili, yule wa gia huru, analaumiwa sawa na mwenzake, analipa zaidi, na anabeba kisichopimika. Mahakama huvichanganya vyote vitatu katika kifungo kimoja, ambamo sehemu ya miaka ni hasira za wafiwa. Sisemi ni vibaya. Ingefaa tu tukiri hivyo, badala ya kujifanya miaka yote imetokana na kosa la gia.

Hasira zenyewe P. F. Strawson, mwanafalsafa wa Uingereza, katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1962, alizitetea kwa namna yake: kukasirikia ubaya na kushukuru wema ni sehemu ya kumhesabu mtu kuwa mtu, na tunaziweka kando tunapomtazama mtoto mdogo au mgonjwa wa akili. Miaka ya 1930, wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na Wanyakyusa huko Rungwe, na Monica aliandika baadaye juu ya imani ya pumzi ya watu: manung'uniko ya majirani juu ya mtenda mabaya yanaweza kumletea baridi mwilini na ugonjwa. Unaweza usiamini huo ugonjwa. Lakini wazee wa Rungwe walishajua kwamba lawama ni jambo la majirani kabla halijawa la hakimu, na hawakuhitaji mhadhara.

Je, ubongo ndio ulioamua?

Kuna swali ambalo vijana wa vyuo hulipenda: labda hakuna anayejitawala hata kidogo, kwa kuwa ubongo unaamua kabla yetu. Chanzo chake ni majaribio ya Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo wa Marekani, ya mwaka 1983. Aliwaambia watu wasogeze mkono wakati wowote wanaojisikia, akakuta umeme wa ubongo unaanza kupanda kiasi cha nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, wakati wenyewe waliripoti kupata nia milisekunde 200 hivi kabla. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba mpando ule unaweza kuwa mawimbi ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka bila mpango mpaka yanapofikia kiwango cha kusogeza mkono, wala si uamuzi uliokwisha kufanyika. Hata bila Schurger sijawahi kuelewa kelele zile. Libet alipima mkono unaosogezwa bila sababu yoyote. Dereva aliyesikia upepo unavuja Makambako, akapiga simu, akabishana na tajiri, akafika juu ya Iwambi saa kadhaa baadaye, hakuamua kwa nusu sekunde.

Kundi

Limebaki kundi. Mwizi wa pikipiki amekamatwa mtaani, na kesho yake habari itasema ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ndizo zilizookota mawe. Kila aliyekuwepo ana udhuru: jiwe langu lilikuwa moja, na hata nisingelirusha angekufa tu. Huo ni udhuru wa mdogo wa marehemu kule Makete, na haufai hapa kama ambavyo haukufaa kule. Angekufa tu, sawa, lakini hukurusha kwa sababu hiyo. Sheria nayo imeziba njia: watu wakiwa na nia moja ya kutenda uovu, tendo lililotokana na nia hiyo ni la kila mmoja wao.

Anayenisumbua mimi ni yule wa nyuma aliyekuwa anarekodi kwa simu. Hakurusha jiwe. Kundi lilipofika watu themanini asingeweza kulizuia, na pengine angegeukiwa yeye. Kama swali ni la dakika hizo, hana kosa. Lakini alifika wakati wako watano tu, wanabishana kama wamfunge kamba au wamwite mwenyekiti, na simu ilikuwa mkononi mwake, ina salio, ina namba ya mwenyekiti. Hakuna kesi itakayofunguliwa dhidi yake, na sidhani kama inahitajika. Majirani zake, ambao kesho watakuwa wanatazama video yake, wana haki ya kumuuliza alimpigia nani simu wakati wale bado ni watano.